Jinsi ya Kufua Umeme kwa Mvuke wa Kiwanda Bila Kuupuliza Angani: Mwongozo Kamili

Kila msimu wa kusaga miwa ukifika katikati, swali linalonifikia ni lile lile. Kiwanda kimenunua turbaini mpya, yaani mashine inayozungushwa na mvuke, na jenereta inazunguka, lakini juu ya paa bomba la dharura linapuliza mvuke mchana na usiku, na bili ya umeme iko pale pale. Mhandisi anauliza kasoro iko wapi kwenye mashine.

Mara nyingi mashine haina kasoro. Turbaini ilichaguliwa kwa kuangalia bili ya umeme, wakati ilipaswa kuchaguliwa kwa kuangalia mvuke unaotumika kupikia. Mwongozo huu unaanza na upimaji na kuishia kwenye kuwasha. Nimeuandika kwa viwanda vya sukari vinavyochoma makapi ya miwa, maana huko ndiko nilikofanya kazi miaka mingi. Mwenye kiwanda cha chai, mbao au karatasi atafuata hatua hizi hizi, atabadilisha namba tu.

## Jambo moja la kushika kabla ya kugusa chochote

Kiwanda cha sukari kinahitaji vitu viwili kwa pamoja: umeme wa kuzungusha mashine, na mvuke wa presha ndogo wa kuchemshia juisi. Kufua umeme peke yake kwa mvuke ni kazi yenye hasara, kwa sababu zaidi ya nusu ya joto la mafuta huishia kwenye maji ya kupoozea. Lakini mvuke ule ule ukipita kwanza kwenye turbaini, ukafua umeme, kisha ukaenda kuchemsha juisi kwa joto lililobaki, asilimia 70 hadi 85 ya nguvu ya mafuta yako inafanya kazi. Huu ndio uzalishaji pacha wa joto na umeme. Wengine huuita kojenaresheni.

Kwa hiyo kwenye mpango huu joto linaongoza na umeme unafuata. Kama juisi inahitaji tani 48 za mvuke kwa saa, umeme utakaoupata bila hasara ni ule unaotoka kwenye tani hizo 48. Ukilazimisha tani 60 zipite, tani 12 hazina pa kwenda ila angani.

## Vitu vya kuandaa

Usianze mikono mitupu. Kusanya hivi kwanza:

- Mchoro wa mabomba yote ya mvuke, uliohakikiwa kwa kutembea kiwandani. Mchoro wa kabatini karibu kila mara umepitwa na wakati.
- Mita ya mvuke kwenye bomba kuu la boila na nyingine kwenye bomba la mvuke wa presha ndogo, lile mafundi wanaloliita eksozi.
- Geji za presha na vipimajoto vilivyosahihishwa ndani ya mwaka huu.
- Kifaa cha kurekodi umeme kinachohifadhi kilowati kila baada ya dakika 15.
- Mzani mdogo na oveni ya maabara inayofika nyuzi 105, kwa ajili ya kupima unyevu wa makapi.
- Bili za umeme za miezi 12 na daftari za zamu za msimu mzima.
- Kemikali ya alfa-naftholi na asidi ya salfa kwa ajili ya kupima sukari kwenye maji. Sababu utaiona hatua ya sita.

Kuhusu watu, unahitaji msimamizi wa boila, mtu wa umeme na mtu wa mchakato wa sukari wakae meza moja tangu siku ya kwanza. Nimeona miradi ikikwama kwa sababu tu idara ya umeme iliagiza jenereta bila kumuuliza mpishi wa sukari anakula mvuke kiasi gani.

## Hatua ya 1: Pima mvuke wa presha ndogo, saa kwa saa

Ukiipatia hatua hii, mengine yote yanarekebishika.

Rekodi kila saa mvuke unaoingia kwenye mitungi ya kuvukizia juisi, kwenye pani za kupikia sukari, kwenye vipasha juisi na kwenye tangi la kutoa hewa kwenye maji ya boila. Fanya hivyo kwa wiki nne mfululizo, usaga ukiwa wa kawaida, pamoja na siku za mvua na siku za kusimamasimama. Siku moja nzuri ya majaribio itakudanganya.

Kama huna mita ya mvuke, usikate tamaa. Tumia tangi la maji ya boila. Chukua ufito wenye alama za sentimita, ufunge kwa muda maji yanayoingia kwenye tangi, hakikisha kina cha maji ndani ya boila hakibadiliki, na usitoe maji machafu ya boila kwa muda huo. Soma kina cha tangi, subiri dakika 10, soma tena.

Tuseme tangi lina eneo la mita 4 za mraba na maji yameshuka sentimita 50. Hizo ni mita 2 za ujazo. Hapa wengi wanaandika tani 2 na kuendelea. Maji ya nyuzi 90 ni mepesi kuliko maji baridi, mita moja ya ujazo ina kilo 965 hivi, kwa hiyo umetumia tani 1.93. Zidisha kwa 6: boila inatoa tani 11.6 za mvuke kwa saa. Rudia angalau mara tatu kila zamu. Ukimaliza tu kila kipimo fungulia maji mara moja, na msimamizi wa boila asitoke kwenye kioo cha kina hata dakika moja, kwa sababu boila ikikaukiwa maji inaua.

Kisha zipange saa zote kuanzia yenye mvuke mwingi hadi yenye mvuke mdogo, uchore mstari. Angalia ni kiasi gani cha mvuke kinafikiwa au kuzidiwa katika asilimia 75 hadi 80 ya saa zote. Namba hiyo ndiyo msingi wa turbaini yako. Achana na kilele na achana na wastani. Turbaini iliyopimwa kwa kilele itatumia muda mwingi wa maisha yake ikiwa nusu tupu, na turbaini ya mvuke ikishuka chini ya nusu ya mzigo wake ufanisi unaanguka vibaya.

Umefanikiwa kama una namba moja ya mvuke ambayo msimamizi wa boila na mpishi wa sukari wote wawili wanaikubali. Kama wanatofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, kuna mvuke unapotea au mita moja inasema uongo. Tafuta kwanza.

## Hatua ya 2: Ziba mianya kabla ya kuagiza mashine

Watu huruka hapa kwa haraka ya kufika kwenye turbaini. Sababu ya kuanza na mianya ni hii: ukipima turbaini kwa kiwanda kinachovuja, halafu mwaka unaofuata ukaziba mivujo, mahitaji ya mvuke yatashuka na turbaini yako mpya itakuwa kubwa mno.

Tembea na mabomba yote. Kagua vitoa-maji, vile vidude vinavyoruhusu maji yatoke na kuuzuia mvuke. Kilichokwama wazi kinapitisha mvuke mzima mzima hadi kwenye mtaro. Kagua vali za usalama zinazolia polepole, mabomba yaliyovuliwa koti la kuzuia joto, na maji ya moto yanayomwagwa badala ya kurudishwa boila.

Halafu angalia vali ya kupunguza presha, ile inayoshusha mvuke mkali wa boila na kuupeleka moja kwa moja kwenye eksozi. Sikiliza sauti yake. Kila tani inayopita pale imeshushwa presha bure, bila kufua hata uniti moja. Andika inapitisha tani ngapi kwa saa. Hapo ndipo umeme wako umejificha.

Kuna uamuzi mmoja mgumu hapa. Viwanda vingi vikongwe vinatumia mvuke sawa na asilimia 50 ya uzito wa miwa, vingine zaidi. Kwa kuchukua mvuke wa juisi yenyewe kutoka mtungi wa kwanza na wa pili na kuutumia kwenye vipasha na pani, matumizi hushuka hadi asilimia 40 na chini yake. Ni jambo zuri, lakini kama turbaini yako itakuwa ya kurudisha mvuke wote kiwandani, mvuke ukipungua na umeme unapungua. Kuokoa mvuke kunaongeza umeme pale tu unapokuwa na turbaini yenye sehemu ya kupooza mvuke uliozidi. Amueni sasa mnataka lipi. Mkiamua baada ya mkataba kusainiwa mtalipa mara mbili.

## Hatua ya 3: Hesabu mafuta uliyo nayo kweli

Miwa ikisagwa, makapi huwa asilimia 28 hadi 30 ya uzito wake, na nusu ya makapi hayo ni maji. Kwa kiwanda kinachosaga tani 100 kwa saa, weka tani 30 za makapi.

Pima unyevu mwenyewe. Chukua gramu 100 za makapi yaliyotoka kinu cha mwisho, weka kwenye oveni ya nyuzi 105, pima kila baada ya muda hadi uzito usishuke tena. Ukibaki na gramu 50, unyevu ni asilimia 50. Ukibaki na 47, unyevu ni 53, na tatizo lako liko kwenye kinu, si kwenye boila.

Kilo moja ya makapi yenye unyevu wa asilimia 50 inatoa joto linalotumika la kilojuli 7,700 hadi 7,800 hivi. Kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka inakula kilojuli 200 na kidogo, karibu asilimia 2.7 ya joto lote. Kwa hiyo kinu kinachokamua vibaya kwa asilimia 3 kinakunyang'anya asilimia 8 ya mafuta kabla hujawasha moto. Rekebisha kinu kwanza. Ni rahisi kuliko kununua boila kubwa.

Kwa boila nzuri, kilo moja ya makapi hayo inatoa takriban kilo 2.2 za mvuke wa presha ya juu. Weka akiba ya makapi ya kuwashia na ya siku miwa inapochelewa. Lundo la makapi hupata joto lenyewe kwa ndani na linaweza kushika moto, kwa hiyo ligawe, lipime joto, na liwe mbali na nyaya.

Halafu jiulize kwa uaminifu: miwa itakuwepo miaka 10 ijayo? Kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi mwa Kenya, walijenga mtambo wa takriban megawati (MW) 35 na mwaka 2009 wakaanza kuuzia gridi ya taifa MW 26. Miwa ilipoadimika, makapi yaliadimika pia, na umeme ukaenda nayo. Mashamba ya wakulima wako wa nje ni sehemu ya mtambo wako kama ilivyo boila, na wakulima wanaocheleweshewa malipo hawapandi.

## Hatua ya 4: Chagua presha, kisha aina ya turbaini

Hizi ndizo namba ninazotumia kupata makadirio ya kwanza. Presha zote zimejumlisha presha ya hewa, kwa hiyo geji yako itasoma pungufu kwa bar 1 hivi (bar ni kipimo cha presha). Mvuke unatoka kwenye turbaini ukiwa bar 2.5, tayari kwenda kwenye mitungi. Kila tani moja ya mvuke kwa saa inakupa takriban:

- kW 35 hadi 40, kama boila ni ya bar 11 na mvuke haujapitishwa kwenye mabomba ya kuukausha
- kW 65 hadi 80, kwa bar 20 na nyuzi 300
- kW 110 hadi 115, kwa bar 40 na nyuzi 400

Tani ni ile ile na juisi inapata joto lile lile, lakini umeme unakaribia mara tatu. Boila ya bar 40 inakula mafuta zaidi kwa kila tani ya mvuke, kama asilimia 15 hadi 20 ukilinganisha na ile ya bar 11, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inageuka kuwa umeme. Hakuna namna nyingine ya kuchoma makapi itakayokupa umeme kwa bei hiyo.

Sasa mfano wetu. Usaga ni tani 100 kwa saa, na mvuke uliopimwa ni tani 48. Kwa bar 40 utapata 48 × 110, yaani kW 5,280. Kiwanda chenye vinu vya umeme kinatumia kama kW 3,200. Pampu za maji ya presha ya juu na feni za boila zitachukua kW 500 hivi. Unabaki na takriban kW 1,500 za kuuza au za kumwagilia mashamba. Mafuta: 48 ukigawa kwa 2.2 ni tani 22 kwa saa, na una 30. Una ziada ya tani 8.

Ziada hiyo ndiyo inayowashawishi watu kwenye turbaini yenye kupooza mvuke. Tani moja ya mvuke unaopoozwa kabisa hufua kama kW 210, karibu mara mbili. Lakini joto lake lililobaki linakwenda kwenye mnara wa kupoozea, na unahitaji maji mengi, kondensa ya kugeuza mvuke kuwa maji, na mafundi wa ziada. Ushauri wangu: kama hakuna mkataba wa kuuza umeme uliosainiwa, anza na turbaini ya kurudisha mvuke wote kiwandani. Ni mashine rahisi na inavumilia makosa ya wanaojifunza. Kakira, karibu na Jinja nchini Uganda, wamefika mbali na wanauza sehemu kubwa ya umeme wao kwenye gridi, ila wana miwa mingi na walikua hatua kwa hatua.

Kwa kiwanda cha chai chenye boila ya bar 11 na mvuke wa tani 5, hesabu ni kW 185 hivi. Ni ndogo, lakini turbaini ndogo iliyowekwa sambamba na vali ya kupunguza presha inaweza kubeba sehemu nzuri ya mzigo wa kukaushia na kupepeta.

Onyo: turbaini ya aina hii haifui umeme kiwanda kisiposaga. Miezi ya matengenezo, pampu za kumwagilia na nyumba za wafanyakazi bado zitahitaji gridi. Ukimwahidi mkurugenzi umeme wa mwaka mzima umejifunga kitanzi.

## Hatua ya 5: Vibali na mkataba

Anza mapema, maana karatasi zinachelewa kuliko vyuma. Tanzania utashughulika na mdhibiti wa nishati, EWURA, na shirika la umeme, TANESCO; Kenya ni mdhibiti EPRA na shirika la Kenya Power; Uganda ni mamlaka yake ya umeme, ERA. Kwa Kenya, sheria ya nishati ya mwaka 2019 haikudai leseni kwa umeme wa matumizi yako mwenyewe usiozidi MW 1. Tanzania, kiwanda cha sukari cha TPC cha Moshi, na TANWAT ya Njombe inayochoma mabaki ya miti, waliunganishwa na gridi kama wazalishaji wadogo, kwa hiyo njia ipo na wengine wameshaipita.

Kwenye mkataba soma kwa makini kipengele kinachosema nani analipa gridi inapozimika na wewe una umeme wa kuuza.

## Hatua ya 6: Tengeneza maji kabla ya turbaini kufika

Boila ya bar 11 inasamehe maji mabaya. Boila ya bar 40 haisamehi, na turbaini haisamehi kabisa.

Maji yanayoingia boila yawe hayana ugumu wa chokaa hata kidogo, na hewa ya oksijeni ishushwe chini ya miligramu 0.007 kwa lita kwa kutumia tangi la kutoa hewa. Silika kwenye mvuke isizidi miligramu 0.02 kwa kilo. Ikizidi inaganda kwenye mapanga ya turbaini kama kioo, na kuiondoa ni kazi ya kufungua mashine nzima.

Adui mkubwa wa kiwanda cha sukari ni sukari yenyewe. Maji yanayorudi kutoka kwenye mitungi ni safi na ya moto, hazina kubwa, lakini bomba moja likitoboka juisi inaingia. Sukari ndani ya boila inavunjika kuwa asidi. Maji yanatoa povu, povu linapanda na mvuke, na uchafu unafika kwenye turbaini.

Kipimo chake ni cha dakika mbili, na kila zamu lazima mtu akijue. Chukua mililita 2 za maji yaliyorudi, yaliyopoa, kwenye mrija wa kioo. Weka matone machache ya alfa-naftholi, tikisa. Sasa inamisha mrija na utiririshe asidi ya salfa taratibu ukutani, izame chini bila kuchanganyika. Shikilia mrija mbele ya karatasi nyeupe na utazame pale vimiminika viwili vinapokutana. Pakiwa peupe, maji ni safi. Ukiona pete ya zambarau, hata hafifu kama wino uliopakazwa, kuna sukari. Geuza maji hayo yaende mtaroni papo hapo, kisha ndipo uanze kutafuta mtungi gani umetoboka.

Asidi hiyo inaunguza vibaya. Glavu na miwani ni lazima, na kamwe usimimine maji juu ya asidi.

Kiwanda kimoja nilichowahi kufanya kazi walikuwa wanapima mara moja kwa zamu, saa nane nzima. Juisi iliingia saa ya pili baada ya kipimo. Kufika kipimo kilichofuata maji ya boila yalikuwa meusi, na turbaini ilikuwa imeanza kutetemeka. Tulipoteza siku 11 za usagaji. Tangu hapo nasisitiza kipimo cha kila saa, na mita inayopima maji yanavyopitisha umeme, inayopiga kengele yenyewe, kwenye bomba la kurudisha maji.

Umefanikiwa kama umeendesha boila mwezi mzima kwa maji ya kiwango kipya, bila hata kipimo kimoja kuvuka mpaka, kabla mvuke haujagusa turbaini.

## Hatua ya 7: Funga njia za pembeni

Turbaini isisimame peke yake. Sambamba nayo weka vali ya kupunguza presha yenye kinyunyizio cha kupoza mvuke, inayoweza kubeba mahitaji yote ya kiwanda. Sababu ni kwamba turbaini ikizimika ghafla, juisi haipaswi kukosa mvuke.

Mvuke unaotoka kwenye turbaini ya mfano wetu utakuwa na nyuzi kama 160, wakati mvuke wa bar 2.5 ulioiva sawasawa una nyuzi 127. Mvuke mkavu unachemsha polepole na unaunguza sukari kwenye kuta za mabomba. Nyunyizia maji safi upoe hadi nyuzi chache juu ya 127. Maji hayo yanageuka mvuke, kwa hiyo unapata asilimia chache za ziada bure.

Weka pia vali ya usalama kwenye eksozi, na bomba la kupuliza angani lenye mita. Ndiyo, lenye mita. Kinachopulizwa bila kupimwa hakuna atakayekiuliza.

## Hatua ya 8: Kuwasha mara ya kwanza

Fuata kitabu cha mtengenezaji. Haya ndiyo ambayo watu wanayakosea hata wakiwa na kitabu mkononi:

1. Puliza bomba jipya la mvuke kwa mvuke wenyewe, mara nyingi, kabla ya kuliunganisha na turbaini. Vipande vya uchomeleaji vilivyobaki ndani vitakata mapanga kama risasi. Weka bamba la chuma laini lililong'arishwa mbele ya mdomo wa bomba, na uendelee hadi lisipate mikwaruzo.
2. Fungua vitoa-maji vyote na upashe bomba polepole. Ukisikia kishindo ndani ya bomba, simama. Hayo ni maji yanasukumwa na mvuke, na yanaweza kupasua vali.
3. Washa pampu ya mafuta ya beringi kwanza, na mafuta yafike nyuzi 40 hivi.
4. Panda mwendo kwa ngazi alizotoa mtengenezaji. Kwenye mwendo unaotikisa mhimili usikae, pita haraka.
5. Jaribu kifaa cha kuzima mwendo unapozidi, ambacho kwa kawaida hukata kwenye asilimia 110. Jenereta iwe haijaunganishwa, na watu wote wakae mbali. Kikishindwa kukata, zima kwa mkono na usiendelee siku hiyo.

## Hatua ya 9: Kuungana na gridi

Kabla ya kufunga swichi kuu, mambo manne yalingane: volti, mizunguko 50 kwa sekunde, mpangilio wa fezi, na wakati wa mawimbi. Mpangilio wa fezi unahakikiwa mara moja tu, siku ya kwanza, lakini usiuruke. Kisha tazama mshale wa sinkroskopu, kipimo kinachoonyesha kama mawimbi ya jenereta na ya gridi yanakwenda pamoja. Uzunguke upande wa "haraka", polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde 10 au zaidi. Funga swichi mshale ukikaribia saa sita juu. Papo hapo ongeza mzigo kidogo, usije ukageuka mnunuzi na kinga ya umeme wa kurudi ikakutoa.

Sasa sehemu ambayo imewashinda wengi. Ukiwa umeungana na gridi, gridi ndiyo inashika mwendo, kwa hiyo gavana ya turbaini, kifaa kinachoongeza na kupunguza mvuke unaoingia, ipangwe kufuata presha ya eksozi. Juisi ikihitaji mvuke zaidi, gavana inafungua, na umeme unaongezeka wenyewe. Gridi ikikatika, gavana lazima ihamie mara moja kwenye kulinda mwendo, na kazi ya kulinda presha ya eksozi iende kwenye vali ya pembeni ya hatua ya saba. Mkiiacha gavana kwenye mwendo muda wote, turbaini haitajua juisi inataka nini, na mtapuliza angani. Viwanda vitatu vilivyoniita msimu uliopita kuhusu mvuke wa paani vilikuwa na kosa hili moja, na tulilirekebisha kwa kubadilisha mpangilio tu.

Andaa orodha ya mizigo ya kukata gridi inapoondoka, kuanzia isiyo na umuhimu. Pampu ya maji ya boila iwe ya mwisho kabisa. Kisha ijaribuni kwa makusudi, mchana, wote mkiwepo. Fungueni swichi ya gridi muone kama taa zinabaki.

## Hatua ya 10: Namba tano za kila siku

Ubaoni kwenye chumba cha udhibiti, kila asubuhi, andikeni: mvuke kwa tani ya miwa, uniti zilizofuliwa kwa tani ya mvuke, unyevu wa makapi, tani zilizopita kwenye vali ya kupunguza presha, na tani zilizopulizwa angani.

Kwa kiwanda chetu cha mfano, siku njema inasomeka hivi: asilimia 48 ya uzito wa miwa, uniti 110, unyevu chini ya 50, na mbili za mwisho zikiwa sifuri au karibu yake. Uniti zikishuka polepole wiki hadi wiki huku mvuke ni ule ule, shuku silika kwenye mapanga na uangalie presha ya chumba cha kwanza cha turbaini kama inapanda. Zikishuka ghafla siku moja, nenda kwanza kwenye vali ya pembeni. Mara nyingi mtu wa zamu ya usiku aliifungua juisi ilipolegea, akasahau kuifunga.